Dawa Ileile, Fuwele Nyingine: Je, Hiyo ni Istihala?



Ndugu msomaji, katika mlango wa twahara kuna mas-ala ambayo kila mwanafunzi wa fiqhi hukutana nayo mapema: istihala, yaani kitu kugeuka dhati yake mpaka kikawa kitu kingine na kikapata hukumu nyingine. Mifano ya vitabuni inajulikana. Pombe ikijigeuza yenyewe ikawa siki, inatwaharika na inakuwa halali. Mahanafi wanaongeza punda aliyetumbukia kwenye machimbo ya chumvi, akaliwa na chumvi mpaka naye akawa chumvi. Sisi Mashafii tumeubana zaidi mlango huo, lakini mfano wa siki tunaukubali.

Muhula huu kaka mmoja anayesomea ufamasia, ambaye huhudhuria darsa letu la baada ya Isha, aliuliza swali lililotutoa nje ya vitabu. Alisema kuna dawa ambazo unga wake unaweza kubadilika ndani ya kopo bila mtu kuugusa. Jina ni lilelile na molekuli ni ileile, lakini mgonjwa akiimeza haifanyi kazi kama ilivyofanya mwezi uliopita. Je, hiyo ni istihala? Na kama si istihala, fiqhi inaliita jambo hilo jina gani?

Ustadhi alimjibu kwa ufupi, kisha akanipa mimi kazi ya kuandika somo hili kwa ajili ya jarida letu. Nimeliandika kama mwanafunzi wa dini anavyoielewa kemia, na wenzetu wa ufamasia wameisoma rasimu kabla yenu. Nianze na kemia, kwa sababu kanuni inasema kuhukumu kitu ni tawi la kukijua kilivyo.

SAFU ZA MOLEKULI

Weka punje ya chumvi ya jikoni kwenye kiganja uitazame vizuri. Ni ndogo, lakini ina pande nyoofu na pembe. Hakuna aliyeichonga. Ina pande hizo kwa sababu chembe zake zimejipanga ndani kwa utaratibu mmoja unaojirudia tangu upande huu hadi ule. Kitu kigumu chenye mpangilio wa namna hiyo ndicho kinachoitwa fuwele. Sukari ni fuwele, barafu ni fuwele, na unga wa dawa nyingi ndani ya kidonge ni fuwele ndogo mno zisizoonekana kwa macho.

Sasa fikiria watu mia moja wanaosali jamaa. Wanaweza kusimama safu chache ndefu au safu nyingi fupi. Wanaweza kubanana bega kwa bega, au kuachana kama tulivyoachanishwa wakati wa korona. Watu ni walewale mia moja, ila mpangilio umebadilika. Molekuli za dawa nazo ni hivyo. Dawa moja inaweza kuzipanga molekuli zake kwa namna mbili, tatu au zaidi, na kila mpangilio unakuwa fuwele ya aina yake, yenye ugumu wake, joto lake la kuyeyukia, na kasi yake ya kuyeyuka majini. Wanakemia huiita hali hiyo polimofizimu. Mfano wa karibu tunaushika darasani kila siku: kaboni ikijipanga matabaka matabaka yanayoteleza inakuwa ile risasi ya penseli, na kaboni hiyohiyo ikishikana pande zote inakuwa almasi.

Kwa mgonjwa, linalohusika zaidi ni kuyeyuka. Kidonge kilichobaki tumboni kama kokoto hakitibu chochote. Ni lazima kipasuke, unga wake uyeyuke kwenye majimaji ya tumbo na utumbo, kisha upenye ukuta wa utumbo uingie kwenye damu. Safu iliyobanana sana ni taabu kumtoa mtu mmoja mmoja, na fuwele ambayo molekuli zake zimeshikana kwa nguvu zaidi huyeyuka polepole na kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo vidonge viwili vyenye dawa ileile na kipimo kilekile vinaweza kupeleka kwenye damu viwango viwili tofauti.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1832 Wajerumani wawili, Friedrich Wöhler na Justus von Liebig, waliyeyusha benzamidi katika maji ya moto wakaiacha ipoe. Zikatokea sindano nyeupe zinazong'aa kama hariri. Kisha sindano zile, zikiwa zimetulia palepale, zikaanza kugeuka polepole kuwa fuwele za umbo jingine, na hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Mwaka 1897 Wilhelm Ostwald akaandika kanuni inayosaidia kuelewa: umbo linalojitokeza kwanza mara nyingi si lile lililo imara kuliko yote. Umbo legevu hutangulia, na linaweza kukaa hivyo kwa miaka, likisubiri sababu ya kuangukia kwenye umbo imara zaidi. Kumbukeni hilo, kwani litarudi mbele kwenye kisa cha mwaka 1998.

MAJI YALIYOFUNGIWA NDANI

Kuna namna ya pili ambayo unga mkavu unaweza kuwa vitu viwili. Baadhi ya fuwele huyaingiza maji ndani ya safu zake, kila molekuli ya maji ikiwa na mahali pake maalumu. Huo si ulowevu, na ukiushika unga wake ni mkavu kabisa. Fuwele ya aina hiyo huitwa haidreti.

Wazee wetu walikuwa nayo bila kuijua kwa jina hilo. Mrututu, ule wa buluu waliokuwa wakiutia kwenye vidonda, ni salfeti ya shaba yenye molekuli tano za maji. Ukiupasha moto maji yanatoka na buluu inapotea, unabaki unga mweupe. Ukiudondoshea maji, buluu inarudi. Abu Bakr al-Razi, tabibu wa Rayy, katika Kitab al-Asrar aliyagawa madini katika makundi sita na akaliweka kundi la zaji peke yake. Mrututu unaangukia humo. Watu wa dini waliokuwa matabibu walikuwa wakizipasha moto chumvi hizi na kuangalia kinachotoka karne nyingi kabla ya Wöhler, na ninaona si haki masomo yetu ya historia ya Kiislamu kupita hapo mbiombio.

Aliyewahi kuvunjika mkono akafungwa plasta naye amevaa haidreti. Jiwe la jasi lina molekuli mbili za maji. Likipashwa moto hupoteza sehemu kubwa ya maji hayo na kuwa unga, na fundi wa hospitali anapoulowesha unga huo hurudi kuwa jasi na kukakamaa juu ya mkono. Salfeti ya magnesi wanayochomwa akina mama wenye kifafa cha mimba ina molekuli saba za maji, na zaidi kidogo ya nusu ya uzito wa fuwele zake ni maji matupu. Anayepima dozi lazima ajue anapima chumvi pamoja na maji yake au chumvi peke yake.

Sogea sasa kwenye sanduku lako la dawa. Boksi la amoksisilini huandikwa kwamba kapsuli ina amoksisilini trihaidreti iliyo sawa na miligramu 500 za amoksisilini. Neno hilo "sawa na" limebeba hesabu. Molekuli moja ya amoksisilini imefungamana na tatu za maji, kwa hiyo ili upate miligramu 500 za dawa yenyewe kiwanda kinapaswa kutia miligramu 574 za unga. Kaka mmoja hapa hosteli alidhani zile 74 ni udanganyifu wa kiwanda. Ni maji halali kabisa, yamechaguliwa makusudi kwa sababu umbo hilo hutulia vizuri likiwekwa.

MWAKA 1998

Kisa kinachofundishwa zaidi katika somo hili ni cha ritonaviri, dawa ya VVU ya kampuni ya Abbott ya Marekani. Iliruhusiwa nchini humo Machi 1996, wakati ambapo kundi hilo la dawa ndilo lililoanza kuwainua watu waliokuwa wakisubiri kufa. Iliuzwa kama dawa ya maji na kama kapsuli. Ndani ya kapsuli dawa haikuwa unga mkavu, ilikuwa imeyeyushwa kabla. Kwa kuwa ilikuwa imeyeyushwa, hakuna aliyeona haja ya kuangalia sana umbo la fuwele zake, na umbo lililojulikana lilikuwa moja tu.

Katikati ya mwaka 1998, baada ya miaka miwili ya kutengenezwa bila tatizo, kapsuli zikaanza kushindwa kipimo cha kuyeyuka. Walipochunguza kwa hadubini na miali ya eksirei wakakuta ndani ya kapsuli kuna fuwele ambazo hawajawahi kuziona. Molekuli ilikuwa ileile, lakini imejikunja namna nyingine na kushikana na jirani zake kwa nguvu zaidi. Wakaiita Umbo la Pili. Lilikuwa gumu zaidi kuyeyuka kuliko la kwanza. Mchanganyiko ambao kwa Umbo la Kwanza ulikuwa na nafasi ya kutosha, kwa Umbo la Pili ulikuwa umeshiba kupita kiasi, kwa hiyo dawa ikawa inajitenga na kuganda ndani ya kapsuli.

Kilichofuata ndicho kilichowatisha. Fuwele huzaa fuwele, kama hamira kidogo inavyoinua unga mzima. Chembe moja ya Umbo la Pili isiyoonekana, ikiingia kwenye chombo, inawaonyesha wengine safu ya kujipanga, na wote wanafuata. Umbo jipya lilisambaa kwenye maabara mpaka ikawa vigumu kulipata tena lile la kwanza. Watu waliokuwa wamekaribiana na umbo jipya walisafiri kwenda kwenye kiwanda cha Italia, ambako lilikuwa bado halijaonekana. Muda mfupi baadaye likaonekana huko pia.

Kapsuli zikaondolewa sokoni. Wagonjwa wakahamishiwa kwenye dawa ya maji, ambayo ladha yake ilikuwa mbaya mno, na kwa dawa inayomezwa kila siku bila kukosa ladha si jambo dogo. Mwaka 1999 ikaja kapsuli laini ya aina nyingine, ila ilihitaji friji. Ritonaviri hiyohiyo ilikuwa pia inachanganywa na lopinaviri, na kapsuli za mchanganyiko huo nazo zilitaka baridi. Sisi tuliokulia vijiji visivyo na umeme tunaelewa maana ya dawa ya kila siku inayotaka friji. Vidonge vya mchanganyiko huo visivyohitaji friji viliruhusiwa Marekani mwaka 2005.

Miaka mitatu kabla ya mkasa huo, mwaka 1995, wanasayansi wawili, Jack Dunitz na Joel Bernstein, walikuwa wamechapisha makala kuhusu maumbo yanayotoweka, wakikusanya visa vya fuwele ambazo maabara ziliweza kuzitengeneza kisha zikashindwa kabisa kuzipata tena. Wengi waliona ni hadithi za kuchekesha za maabara.

Wala msidhani ni mambo ya dawa ghali tu. Mebendazo ya minyoo, ambayo wengi wetu tulipewa shule ya msingi, ina maumbo matatu yanayoitwa A, B na C. Linalotakiwa ni C. A huyeyuka kidogo mno, na vidonge vya A peke yake havitegemewi kuua minyoo. Kloramfenikoli ni chungu, kwa hiyo ili watoto waweze kuinywa ilifungwa na asidi ya mafuta ikawa palmiteti isiyo na ladha. Nayo ina umbo B ambalo utumbo unaweza kulivunja, na umbo A ambalo karibu haligusiki. Ukimpa mtoto umbo A umempa chupa nzima ya dawa, na ugonjwa unaendelea.

KOPO LILILO JUU YA BESENI

Nakuja kwenye sehemu iliyonifanya nilione somo hili ni letu.

Kabamazepini ni dawa ya kifafa inayotumika sana kwetu. Vidonge hutengenezwa kwa umbo lisilo na maji. Likikaa penye unyevunyevu huvuta maji na kuwa dihaidreti, molekuli mbili za maji kwa kila moja ya dawa, na umbo hilo huyeyuka polepole zaidi. Kidonge chenyewe nacho huwa kigumu. Mwaka 1990 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba vidonge vya kabamazepini vikihifadhiwa penye unyevu vinaweza kupoteza hadi thuluthi ya nguvu zake, na mahali palipotajwa kwa mfano ni bafuni.

Sasa tazama tunavyoishi. Kampala ina ziwa miguuni na misimu miwili ya mvua. Dawa nyingi zinauzwa kwa kuhesabiwa kutoka kwenye kopo kubwa linalofunguliwa na kufungwa mara hamsini kwa siku, zinatiwa kwenye bahasha ya karatasi au kaveera, na nyumbani zinawekwa dirishani, jikoni, au kwenye kile kijirafu cha bafuni penye sabuni na mswaki. Kabati la dawa la jumuiya yetu wenyewe limepigiliwa ukutani mwa chumba cha kutawadhia, hatua mbili kutoka kwenye mabomba. Nimeshauomba uongozi ulihamishe na nauomba tena hapa.

Kwa nini nang'ang'ania? Kwa sababu kifafa katika jamii zetu hakiachwi kuwa ugonjwa tu. Mtoto akianguka mara ya kwanza watu husema apelekwe hospitali. Akipewa dawa, akatulia miezi miwili, kisha akaanguka tena ilhali anameza vizuri, maneno hubadilika. Wanasema: mnaona, dawa za hospitali zimeshindwa, huyu ana jini. Dawa zinaachwa. Na daktari atawaambia kuwa kuacha dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuleta degedege mbaya kuliko zile za mwanzo.

Mimi siipingi ruqya. Ni sunna, na anayesomewa Qur-ani hapungukiwi kitu. Lakini Mtume ﷺ ametuamrisha pia kujitibu, na aliyeamrishwa kujitibu ameamrishwa kuilinda dawa yake. Sheikh mmoja wa mtaani kwetu aliletewa kijana wa namna hii. Kabla ya kumsomea aliomba aonyeshwe dawa anazomeza. Mama yake akatoa kwenye mkoba kaveera iliyofungwa fundo, ndani yake vidonge vimekuwa vigumu na vingine vimeshikana. Vilikuwa vikining'inizwa kwenye msumari juu ya beseni la kuogea, ili wadogo zake wasivifikie. Sheikh akamsomea, kisha akampeleka mama kliniki na kaveera yake mkononi, akamwambia awaonyeshe vilevile vilivyo. Sidai kwamba unyevu ndio uliomwangusha kijana yule, maana kifafa kina sababu nyingi za kurudi. Ninachosema ni kwamba sheikh aliuliza swali la kwanza lililostahili kuulizwa, na ningependa maimamu wetu wote walijue.

Kwa mwenye ndugu anayetumia dawa za namna hii: acha kidonge ndani ya bati lake mpaka saa ya kukimeza. Kama ni kopo, kile kijifuko kidogo chenye punje za silika kiache humohumo, kazi yake ni kuvuta unyevu. Weka mahali pakavu, chumbani ni bora kuliko jikoni na bafuni. Kidonge kilichokakamaa, kilichovimba au kubadilika rangi kirudishe kwa mfamasia. Na usiongeze dozi mwenyewe kwa kudhani dawa imepungua nguvu. Ukifungua boksi jipya lililo kavu ukaendelea na dozi ile ya kujiongezea, utakuwa umemzidishia mgonjwa dawa kamili.

Jambo moja la pembeni kabla ya fiqhi. Kwa kuwa umbo la fuwele lina thamani, makampuni huomba hataza juu ya umbo lenyewe, hata kama molekuli ilikwisha kujulikana. Tarehe 1 Aprili 2013 Mahakama ya Juu ya India iliikatalia kampuni ya Novartis hataza juu ya umbo la beta la imatinibu mesileti, dawa ya saratani ya damu, kwa kuona kwamba haikuthibitishwa kuwa umbo hilo linatibu vizuri zaidi kama sheria yao inavyotaka. Dawa nyingi tunazomeza Uganda zinatoka India, kwa hiyo kesi ile ya huko inahusu bei za maduka yetu. Hukumu ya kumiliki safu ya molekuli ni somo peke yake, nawaachia wenzetu wa fiqhi ya muamalati waliandikie.

JINA LAKE KATIKA FIQHI

Turudi kwa kaka wa ufamasia. Ili kuwe na istihala, dhati lazima iondoke. Katika siki imeondoka kweli. Bakteria kwa msaada wa hewa wameigeuza alikoholi kuwa asidi ya siki, na molekuli iliyokuwa inalevya haipo tena. Katika Umbo la Pili la ritonaviri hakuna molekuli iliyoondoka. Ukichukua Umbo la Kwanza na la Pili ukaviyeyusha kabisa kwenye vyombo viwili, huwezi tena kujua kipi kilikuwa kipi, kwa sababu safu zimevunjika na waliobaki ni watu walewale. Kwa lugha ya wanazuoni, ayn imebaki na kilichobadilika ni sifa. Mfano ulio karibu nasi ni barafu. Maji najisi yakigandishwa hatusemi yametwaharika, ingawa yamekuwa fuwele, magumu na meupe. Yakiyeyuka ni maji najisi, na yakiwa yameganda ni najisi iliyoganda.

Kwa hiyo hukumu ya halali na haramu haihami kwa kubadilika fuwele. Dawa iliyokuwa halali haingii shaka kwa kuwa imekuwa haidreti, na kiini kilichokuwa haramu hakisafiki kwa kuyeyushwa na kugandishwa upya. Nasema hivi kwa sababu nimeona wenzetu wakiivuta istihala kila mahali tangu semina ya Jumuiya ya Kiislamu ya Sayansi za Tiba iliyofanyika Kuwait mwaka 1995 ilipoikubali katika gelatini. Mjadala wa gelatini unahusu kama protini ya ngozi na mifupa imegeuka dhati yake au la, na wanazuoni wengine hawakukubali kwamba imegeuka. Huo ni mjadala wa kemia tofauti, na aliye upande wowote hapati hoja kutoka kwenye fuwele.

Basi hali hii ya dawa tuiite nini? Jawabu alilolitoa ustadhi halikuwa kwenye mlango wa twahara. Alitupeleka kwenye kitabu cha mauzo, mlango wa khiyarul-ayb, khiyari ya mnunuzi kurudisha kitu kwa ajili ya kasoro. Kasoro kwa Mashafii ni kila kinachopunguza kitu chenyewe au thamani yake kwa namna inayokosesha lengo sahihi, ikiwa kwa kawaida vitu vya jinsi ile huwa vimesalimika nacho. Lengo sahihi la kununua kabamazepini ni kuzuia degedege, na kwa kawaida kabamazepini husalimika na maji. Dihaidreti ndani ya boksi lililouzwa kama dawa nzima ni kasoro, hata kama maabara ikipima itaikuta kabamazepini yote imo.

Mnakumbuka ile hadithi ya Abu Hurayra katika Sahih Muslim, Mtume ﷺ alipopita kwenye rundo la nafaka sokoni akatia mkono ndani na vidole vyake vikakuta umajimaji. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu wakaiona, kisha akamkemea kwa ukemeo mkali mnaoujua. Nafaka ilikuwa ni nafaka ileile. Maji yaliyofichwa ndani yake ndiyo yaliyokuwa tatizo, na mnunuzi hakuwa na njia ya kuyaona. Mnunuzi wa vidonge anaonaje? Yule wa sokoni angeweza angalau kutia mkono.

Ziko pambanuzi mbili ambazo wauzaji na wanunuzi wanapaswa kuzijua. Ya kwanza, haki ya kurudisha haitegemei muuzaji kuwa alijua. Watengenezaji wa ritonaviri hawakujua chochote kuhusu Umbo la Pili kabla ya 1998, kwa hiyo hatusemi walighushi. Lakini mnunuzi bado ana khiyari yake. Kujua huongeza dhambi tu, na mwenye duka anayejua kwamba maboksi yamelowa na akayauza hivyohivyo ana kesi mbili. Ya pili, kasoro lazima iwe ilikuwepo kabla mnunuzi hajaipokea mali. Aliyeipokea dawa ikiwa kavu kisha akaining'iniza bafuni hana wa kumrudishia.

Na aliyegundua kasoro baada ya kuimeza yote? Kurudisha hakuwezekani tena, kwa hiyo Mashafii wanampa arshi, yaani anarudishiwa sehemu ya bei kwa kadiri ya thamani iliyopungua. Kaka wa ufamasia akauliza kama thuluthi ya nguvu iliyopotea ina maana ya thuluthi ya bei. Ustadhi akasema hapana. Arshi hupimwa kwa thamani ya sokoni baina ya kitu kizima na kitu chenye kasoro, na dawa ya kifafa isiyoaminika hampati mnunuzi hata kwa nusu ya bei.

Wallahu aalam.